Kugongagonga kwa Vidole Wakati Moyo Umechafuka



Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiliuliza baada ya Misa na katika jumuiya ndogondogo. Mmewaona watu katika semina, au katika simu za watoto wenu, wakijigongagonga usoni na kifuani kwa ncha za vidole huku wakitamka maneno. Wengine mmecheka. Wengine mmesema huo ni uganga mpya uliovuka mpaka. Na wachache, hasa akina mama, mmejaribu kimyakimya mkaona usingizi umerudi. Kwa hiyo ni vema tujifunze jambo hili taratibu: limetoka wapi, linasaidia nini, halisaidii nini, na mume na mke wanaweza kulitumia namna gani nyumbani mwao.

HASIRA INAKAA MWILINI

Hebu tuanze na nyumba zetu wenyewe. Hapa Angurai hatuko mbali na Malaba. Baadhi ya mabwana ni madereva au utingo wa malori, hawaonekani nyumbani wiki mbili au tatu. Akina mama wengi wanavuka kwenda Uganda kutafuta ndizi, maharagwe na nguo za kuuza. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, jinsi foleni ya malori ilivyorefuka kilomita nyingi kutoka mpakani, madereva wakingoja majibu ya kupimwa. Mke alikuwa nyumbani anaogopa mambo mawili kwa pamoja: ugonjwa na njaa. Naye mume amelala chini ya lori, anaogopa hayohayo, lakini akipiga simu anasema, “Mimi niko sawa.”

Sasa mtu wa namna hiyo anaporudi nyumbani, neno dogo linatosha. Karo ya shule, ujumbe katika simu, pesa ambazo hesabu yake haikamiliki. Mara sauti zinapanda. Ukijichunguza wakati huo, ndugu msomaji, utaona kwamba hasira si wazo la kichwani tu. Kifua kinabana. Mate yanakauka. Mikono inatetemeka, shingo inakuwa ngumu, moyo unapiga mbio. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, kama vile umekanyaga nyoka shambani. Maandalizi hayo Mungu ameyaweka ndani yetu kwa faida: nyoka akitokea, hakuna muda wa kufikiri. Lakini karo ya shule si nyoka, na mke wako si nyoka.

Hapo ndipo sisi washauri wa ndoa tunapokwama mara nyingi. Tunamwambia mtu ambaye mwili wake bado unapigana, “Haya, zungumzeni kwa upole.” Hawezi. Masikio yake yako kwa nyoka. Wazee wetu walilijua hili vizuri. Mtu aliyefika kwa mashtaka huku anatweta alipewa kigoda na maji ya kunywa, akaachwa kwanza. Kesi ilingoja pumzi. Kugongagonga kwa vidole ni njia mojawapo ya kuingoja pumzi hiyo, wala nisingependa tuione kuwa kubwa kuliko hapo.

JAMBO HILI LIMETOKA WAPI?

Wachina tangu zamani sana wana tiba ya kuchoma sindano nyembamba katika sehemu maalum za mwili. Wanaamini kwamba kuna njia mwilini zinazopitisha nguvu ya uhai, na kwamba sehemu hizo ni kama vituo katika njia hizo. Mahali pa sindano, mtu aweza pia kubonyeza kwa kidole.

Karibu na mwaka 1980, mwanasaikolojia wa Marekani, Roger Callahan, alikuwa akimhudumia mwanamke aliyeogopa maji kupita kiasi. Siku moja mwanamke huyo akasema hofu yake anaihisi tumboni. Callahan, aliyekuwa amesoma habari za tiba ya Kichina, akamwambia agonge chini ya jicho, mahali ambapo Wachina wanapahusisha na tumbo. Kwa maelezo ya Callahan mwenyewe, hofu ile iliondoka palepale. Kutokana na hapo akatunga njia yake, inayojulikana kwa herufi TFT, ambayo kila aina ya shida ina mpangilio wake wa vituo. Mwanafunzi wake Gary Craig, ambaye hakuwa daktari bali mhandisi, akairahisisha katika miaka ya 1990: mpangilio mmoja kwa shida zote. Hiyo ndiyo inayoitwa EFT, na ndiyo mnayoiona katika simu.

Kwetu Afrika imefika kwa mlango wa majonzi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, wako watoto waliobaki peke yao wakiwa wameona mambo ambayo sitayaandika katika gazeti la familia. Mwaka 2006, yaani miaka 12 baadaye, vijana yatima 50 waliokuwa bado wanasumbuliwa na ndoto mbaya na kumbukumbu za ghafla walisaidiwa kwa njia ya Callahan. Walipopimwa tena baada ya mwaka mmoja, nafuu yao ilikuwa ingali ipo. Kisha ukafanyika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, kwa watu wazima 145 walionusurika. Safari hii waliohudumu walikuwa Wanyarwanda wenyewe waliopewa mafunzo, na nafuu ilionekana hata baada ya miaka miwili. Huko Byumba, kaskazini mwa nchi hiyo, watu wa kituo cha Kikatoliki cha Izere nao walijifunza kazi hiyo.

Jirani zetu wa Uganda pia wameijaribu. Katika wilaya ya Kasese, ambako watu wameteswa na vita vya waasi, wahudumu wa kijamii 36 walifunzwa kwa siku mbili tu, kisha wakawahudumia watu wa kujitolea 256. Waliohudumiwa kwanza walipata nafuu kubwa ndani ya wiki moja, kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Taarifa yake ilitoka mwaka 2016.

Lipo pia shirika liitwalo Capacitar, lililoanzia Nikaragua mwaka 1988 kwa kazi ya mwanamke Mmarekani, Patricia Mathes Cane. Limefundisha kugongagonga, kupumua na kushika vidole katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki, na masista wengi wamejifunza huko. Kwa hiyo ukimwona sista anajigonga kifuani kwa vidole viwili, usikimbilie kwa paroko kumshtaki.

WATAALAMU HAWAKUBALIANI

Ni haki mjue upande wa pili. Kuna wanasayansi wanaosema kwamba habari za njia za nguvu mwilini hazijathibitishwa, na kwamba vituo vyenyewe havina maana ya pekee. Mwaka 2003, watafiti wa Kanada waliwachukua wanafunzi 119 wa chuo kikuu wenye hofu mbalimbali. Kundi moja liligonga vituo vyenyewe. La pili liligonga mahali pengine mkononi pasipo kituo. La tatu, mtacheka, lilimgonga mwanasesere. La nne halikugonga kitu. Hofu ilipungua katika makundi matatu ya kwanza karibu kwa kiasi kilekile. Kundi la nne halikupata nafuu.

Wengine wanajibu kwa kupima mwili wenyewe. Katika uchunguzi wa mwaka 2012 wa watu 83, kortisoli, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa mfadhaiko, ilipungua kwa asilimia 24 hivi kwa waliogonga baada ya saa moja, na kwa asilimia 14 hivi kwa waliozungumza na mshauri na hata kwa waliopumzika tu.

Mimi si daktari. Lakini nikiyaweka haya pamoja, naona jambo la maana kwa wanandoa. Pengine siri haiko katika kituo cha chini ya jicho. Pengine iko katika mambo ambayo kugongagonga kunamlazimisha mtu kuyafanya: kuketi, kupumua, kugusa mwili wake kwa upole na, zaidi ya yote, kulitaja kwa jina lile linalomwumiza badala ya kulikimbia. Na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa waume wa huku kwetu. Mwanamume atakuambia amechoka. Atakuambia ana njaa. Kusema “Naogopa” ni afadhali alale nje.

NAMNA YA KUFANYA

Keti mahali patulivu. Fikiri juu ya jambo moja tu linalokusumbua, si maisha yako yote. Usiseme “ndoa yangu”. Sema “maneno aliyoniambia jana mbele ya mama yangu”. Kisha jiulize: kama sifuri ni kutulia kabisa na kumi ni uchungu usiovumilika, mimi niko wapi? Itaje namba hiyo. Msidharau namba, nitairudia.

Halafu kwa ncha za vidole viwili au vitatu vya mkono mmoja, gonga ukingo wa kiganja cha mkono mwingine, upande wa kidole cha mwisho, ile sehemu unayotumia kukata hewa. Huku ukigonga, sema mara tatu kwa sauti ya chini maneno yenye sehemu mbili: ya kwanza inakiri uchungu, ya pili inakiri thamani yako. Kwa mfano: “Ingawa nina hasira kwa maneno ya jana, mimi ni mtoto wa Mungu na ananipenda.” Sehemu ya kwanza isifichwe. Wako wanaotaka kuruka moja kwa moja hadi kwa Mungu bila kusema wana hasira na nani. Yeye anajua tayari. Wewe ndiye unayehitaji kusikia.

Baada ya hapo panda hadi usoni. Gonga mara saba hivi, polepole, mwanzo wa unyusi karibu na pua. Kisha pembeni mwa jicho kwenye mfupa. Kisha chini ya jicho, pia kwenye mfupa. Kati ya pua na mdomo. Kwenye kidevu chini ya mdomo. Chini kidogo ya mtulinga, pale unapoanzia karibu na koo. Ubavuni, upana wa kiganja kimoja chini ya kwapa. Na mwisho utosini. Katika kila kituo taja kwa kifupi lile jambo: “maneno ya jana.” Gonga kama unavyobisha mlango wa nyumba yenye mtoto aliyelala. Si kujipiga makofi! Ukimaliza vuta pumzi ndefu, iachie, kisha uliza tena: sasa ni ngapi? Ikiwa ilikuwa nane na sasa ni tano, rudia mzunguko. Wengi huhitaji mizunguko mitatu au minne, na yote haichukui robo saa.

Ukiwa mahali penye watu, tuseme ndani ya matatu au kwenye foleni ya forodha, kugonga uso kutakuletea maneno. Hapo tumia njia ya kushika vidole: shika kidole kimoja kwa mkono mwingine, ukikizungushia viganja kama unavyoshika mpini, upumue polepole dakika mbili au zaidi, uhamie kingine. Wanaoifundisha husema kidole gumba ni cha huzuni, cha shahada ni cha hofu, cha kati ni cha hasira, cha pete ni cha wasiwasi, na cha mwisho ni cha kujidharau. Hakuna atakayejua unafanya nini.

MUME NA MKE PAMOJA

Jambo hili likifanywa na wawili linakuwa kitu kingine. Kaeni mkitazamana, kila mmoja ajigonge mwenyewe, mmoja aseme na mwenzake amfuate kwa vituo tu bila kujibu. Wakati wa zamu ya mke, mume hana ruhusa ya kujitetea. Hata kidogo! Akisema “maneno uliyoniambia mbele ya mama,” wewe bwana unagonga unyusi wako na kunyamaza. Zamu yako itafika.

Nawafahamu mume na mke (sitasema ni wa kijiji kipi) waliofiwa na mtoto wa miaka miwili. Baada ya mazishi bwana akawa haketi nyumbani. Kila jioni alikuwa penye chungu cha ajon pamoja na wenzake, mrija mkononi, akirudi usiku anakula atapa yake kimya na kulala. Mke akaamua moyoni kwamba huyu hakumpenda mtoto. Walikaa hivyo miezi minane, kitanda kimoja, kila mmoja ameutazama ukuta wake. Kisha mke akafundishwa kugongagonga katika semina ya akina mama, akamwomba bwana amjaribie, naye akakubali kwa dhihaka. Waliketi, wakachagua jambo moja: siku ile mtoto alipokufa. Mke akasema namba yake, tisa. Alitegemea bwana aseme mbili au tatu. Bwana akasema, “Kumi,” na mkono wake ukasimama pale kwenye mtulinga. Ndipo alipoeleza jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu: mtoto hakufia hospitali. Alifia mikononi mwake juu ya boda boda, njiani kwenda hospitali, naye akaendelea kumshika na kumwambia mwendeshaji aongeze mwendo, kwa sababu hakuweza kusema kwamba hakuna haja tena.

Hawakumaliza mizunguko usiku ule. Walilia tu. Huzuni haikuisha, na haipaswi kuisha kwa kugonga vidole. Mtoto ni mtoto. Lakini mke aliacha kuamini kwamba aliomboleza peke yake. Ndiyo maana nimesema msidharau namba. Mtu asiyeweza kusema sentensi tatu juu ya moyo wake anaweza kusema “kumi”.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa mwaka 2016 juu ya upendo ndani ya familia, alishauri kwamba siku isiishe bila amani nyumbani, akaongeza kuwa si lazima hotuba. Mguso mdogo wa upendo unatosha. Baada ya kumaliza zamu zenu mnaweza kushikana mikono. Hiyo pia ni dawa, na haina herufi za Kizungu.

PAMOJA NA HAYO, JIHADHARINI

Nasema hili bila kuzunguka. Mama anayepigwa asifundishwe kugongagonga ili avumilie kupigwa. Hofu ya mke ambaye mumewe anampiga si ugonjwa wa kutulizwa. Ni kengele inayosema kweli. Kengele hiyo isizimwe. Aende mahali salama, aende hospitali, apige 1195, simu ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia, na ajue kwamba Kenya ina sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2015. Mume anayepiga naye anaweza kujifunza kugonga kabla ngumi haijapanda, na nimeona faida yake, lakini hiyo haiondoi uwajibikaji wake. Mshauri atakayewaketisha wawili hao na kuwaambia wagonge pamoja anakosea vibaya.

Tena, mtu aliyepitia vita, kubakwa au ajali ya kutisha asianze peke yake na jambo lile kubwa. Kumbukumbu inaweza kumfurikia. Aanze na jambo dogo, na lile kubwa alingojee mtu aliyefunzwa. Mama aliyejifungua ambaye hataki kumtazama mtoto wake, mtu asiyelala wiki nzima, mtu anayesema afadhali afe, hao wapelekwe hospitali bila kungoja. Mwenye namba kumi kila siku anahitaji daktari. Vidonge vya presha havibadilishwi kwa vidole. Na mlevi asigongwe wala asihojiwe usiku, mwacheni alale.

JE, NI UCHAWI?

Swali hili ni la haki, kwa sababu Kanisa lenyewe limelifikiri. Mwaka 2003, mabaraza mawili ya Vatikani yalitoa hati juu ya mafundisho yanayoitwa ya Zama Mpya, yakionya juu ya kuabudu nguvu isiyo na nafsi na kuiweka mahali pa Mungu. Kwa hiyo angalia mambo haya. Anayekufundisha akikuambia uite roho, uitegemee nguvu ya ulimwengu, au uache kuungama kwa kuwa vidole vinatosha, ondoka. Akikuomba pesa nyingi na kuahidi kuponya ukimwi au saratani, ondoka haraka zaidi. Lakini kugusa uso wako, kupumua na kusema ukweli juu ya maumivu yako si dhambi. Mtu anayejikanda kiuno baada ya kulima hatuulizi kama ameacha imani.

Wala usiifanye kuwa sakramenti. Kama hasira yako imetoka katika kosa ulilotenda, namba inaweza kushuka hadi sifuri na bado unadaiwa kuomba msamaha.

MASWALI MAWILI MLIYOULIZA

Bwana mmoja ameuliza kama anaweza kumgonga mkewe vituo badala ya yeye kujigonga. Anaweza, akiruhusiwa, na mkono uwe mwepesi. Ila isiwe wakati wa ugomvi wenyewe. Mkono unaokuja usoni wakati wa ugomvi unaeleweka kwa namna moja tu. Na kwa kuwa mila zetu zinatenga wakwe, mama mkwe akihitaji msaada, afundishwe na binti yake.

Mama mwingine anauliza kama afanye peke yake bila mume kujua, maana akimwambia atachekwa. Afanye. Achague saa ya kupepeta mtama au baada ya kukamua, aanze na jambo lenye namba nne au tano, ajaribu kwa wiki mbili. Mume akiuliza kwa nini siku hizi hajibu kwa ukali, ndipo amwonyeshe ukingo wa kiganja.